Namba Haivunjwi

Mama Bucha alikuwa anapasua mguu wa ng'ombe wakati mtoto wa mdogo wake alipoingia kwa mlango wa nyuma, mkono wa kushoto ameuviringisha ndani ya sweta la shule. Wateja walikuwepo, na mteja akishasimama mbele ya gogo hana habari na mtoto wa mtu, anataka nyama yake. Kwa hiyo Mama Bucha hakuacha kukata. Alishusha shoka, mfupa ukaachia, chembe za uboho zikamrukia kwenye aproni, ndipo akauliza bila kugeuka.

"Umeficha nini huko, umeiba?"

"Shikamoo, Shangazi. Nimeanguka."

"Marahaba. Haya, sogea nione ulivyoanguka."

Hapo buchani mtoto huyo alijulikana kwa jina la Kilo Tatu. Siku alipozaliwa mzani wa zahanati ulikuwa umekufa, nesi anaugongagonga tu, basi shangazi yake akamfunga kwenye shuka, akaja naye mbio, akamweka kwenye mzani wa nyama, akasoma kilo tatu kamili na kuutangazia mtaa mzima. Tangu hapo wateja humtania: leo nipimie hiyo kilo tatu inayotembea. Naye hucheka. Siku hiyo mteja mmoja aliuanza utani huo akaukatiza njiani, maana sweta lilikuwa limeshafunguliwa.

Vidole vilikuwa vimevimba mpaka havikunjiki. Juu ya vifundo ulipita mstari mwembamba, mwekundu, ulionyooka, na kucha ya kidole cha kati ilikuwa nyeusi tii. Wanaomsifu baba mkali wangekuja wakaushika mkono ule kwanza, ndipo waendelee na sifa zao. Mtu akianguka hapati mstari ulionyooka namna hiyo. Ardhi haina ukingo wa bati.

Mama Bucha hakuuliza nani kakupiga. Aliuliza, "Namba zipi?"

Mtoto akashtuka kama mtu aliyekutwa uchi. Akaangalia sakafu, akasema, "Moja, tatu, nne na sita. Zifike ishirini na nne."

Shoka likashuka peke yake, likakita kwenye gogo mahali pasipo na nyama.

Namba hizo Mama Bucha alizijua kuliko tarehe yake ya kuzaliwa. Mchezo wenyewe kwao uliitwa Fikisha. Baba yao alikuwa fundi saa, mtu wa kupenda vitu vidogo vinavyotii. Kila jioni aliandika kwa chaki, nyuma ya mlango wa sebule, namba nne, na pembeni namba ya tano, ambayo ndiyo ya kufikiwa. Kila namba itumike mara moja. Hakuna kuiacha, hakuna kuirudia. Unaweza kujumlisha, kutoa, kugawa na kupiga. Nyumba nyingine husema tatu mara nne. Wao walisema tatu piga nne, kwa sababu Baba ndivyo alivyosema, na sahani hazikufunuliwa mpaka kila mtoto afikishe zake. Aliyekosa aliweka vidole mezani, rula ya mbao yenye ukingo wa bati ikashuka. Majirani walisikia piga, piga, kila jioni, wakasema yule bwana anasomesha wanawe. Jirani mmoja mcheshi aliwahi kuuliza dirishani, "Leo mnapiga hesabu, au hesabu inawapiga nyinyi?" Watu wakacheka. Mama yao alicheka pia, masikini, kwa woga.

Na sheria moja ilikuwa juu ya sheria zote: namba haivunjwi. Nusu, robo, theluthi, hizo Baba hakutaka kuzisikia. Namba iliyovunjika, alisema, ni sawa na gurudumu la saa lililong'oka jino. Vidole vya watoto vilipovunjika, hilo halikuwa na sheria.

Jioni ambayo mdogo wake alipewa moja, tatu, nne na sita, mvulana alikuwa bado hajabalehe. Dada mtu alikuwa ameshafikisha zake, anakula. Mvulana alikaa, akakaa, chakula kikapoa, mwishowe akasema kwa sauti ndogo kwamba tatu gawa kwa nne ni robo tatu, moja toa robo tatu ni robo, na sita gawa kwa robo ni ishirini na nne. Baba alimsikiliza hadi mwisho. Kisha akasema, "Umevunja," akamzaba kofi la sikio. Mvulana akaenda chini pamoja na kiti. Baba akamwinua kwa kola, akampiga palepale, akampiga tena, mpaka damu ikatoka sikioni na kushuka shingoni ikaingia kwenye shati. "Jibu ninalo," Baba akasema huku akipangusa kiganja chake kwa leso. "Siku ukilipata utaniambia."

Sikio lile la kushoto halikusikia tena. Mtaani wakamwita Sikio, na jina likakua naye. Sasa alikuwa fundi wa mageti, mtu mzima mwenye mke na mtoto, na mikono iliyozoea kukunja vyuma. Mwaka huo alikuwa amemchukua baba yao kwenda kuishi naye, na mzee alihamia na saa zake mbovu, na rula yake, na akataka mlango wake wa zamani ung'olewe ufungwe kwenye sebule mpya. Mama Bucha aliapa kwamba hakai chumba kimoja na yule mzee, kwa hiyo hakukanyaga huko, na kwa hiyo hakujua. Mimi nasema mtu akiamua kutoona huwa na sababu nzuri kila mara, na mwenye kuumia si yeye.

"Zamani mimi na Baba tulikuwa tunacheza tu," Kilo Tatu alisema. "Tangu Babu aje ndiyo kuna rula. Baba amesema nikirudi leo nimpe jibu. Nikikosa, ni mkono wa kulia."

Akauficha mkono wa kulia mgongoni wakati anasema, kana kwamba rula ingeweza kusikia.

"Tuache hesabu," shangazi yake akamwambia. "Njoo uniuzie nyama." Akatupa pande kwenye mzani. "Hii kilo moja. Mteja kachukua robo tatu. Imebaki ngapi?"

"Robo."

"Haya. Hapa juu nimening'iniza kilo sita. Nikiuza robo robo, nahudumia wateja wangapi?"

Mtoto huyu alikulia kwenye mzani. Hakuhitaji hata kufumba macho. "Ishirini na nne," akasema, na mara akafunika mdomo. Akageuka kuangalia ile kilo, ile robo, zile kilo sita. "Robo tatu ni tatu gawa kwa nne! Shangazi, zimefika! Lakini..." Uso ukasinyaa. "Namba haivunjwi."

"Kasema nani? Mimi tangu asubuhi navunja ng'ombe. Robo ni nyama. Inapikwa, inaliwa, watu wanashiba."

Alisema hivyo kwa kumtuliza mtoto, lakini maneno yalipomtoka yalirudi yakamwingia mwenyewe. Mdogo wake alikuwa amepata. Jioni ileile, na damu haijamtoka bado, alikuwa ameshapata, na hakuna mtu aliyemwambia. Miaka yote Mama Bucha alikuwa anauza robo kilo na hakuwahi kufikiri. Hasira ilimpanda hadi akaona hewa ya buchani imekuwa nzito. Akamshika mtoto mkono ule mzima, akatoka.

"Mama Bucha! Na nyama yangu?" mteja akaita.

"Kesho!"

"Kesho? Nimwambie mume wangu ale nini leo?"

"Akule wewe!"

Watu barabarani walimpisha upesi sana, hata vijana wa pikipiki ambao hawampishi mtu, naye akadhani ni kwa sababu ya uso wake. Mwendesha mkokoteni aliuacha mkokoteni wake katikati ya njia akapanda kibarazani. Ni mpaka alipobisha kwa mdogo wake ndipo alipoona anabisha kwa mpini wa shoka, na aproni yake imelowa damu ya ng'ombe hadi magotini.

Mlango ulifunguliwa na wifi yake. Mdomo wa wifi ulikuwa umepasuka upande mmoja na kukauka. Walitazamana, wasiamkiane. Wifi akapisha.

Sebule ilikuwa safi, kochi limefunikwa vitambaa, meza imefutwa. Sikio alikuwa ametoka kazini mapema, amekaa mezani na rula mbele yake, amenyoa, amevaa shati la kutokea. Kwenye kiti cha pembeni alikaa mzee, mwembamba, ameweka saa ya mkononi kwenye sikio akisikiliza kama inatembea. Nyuma ya mlango, kwa chaki: moja, tatu, nne, sita.

"Dada! Karibu," Sikio akasema kwa furaha ya kweli, kisha akaona. "Mbona na shoka?"

"Nimesahau kuliacha. Mdogo wangu, nisikilize, na unisikilize kwa sikio lako zima. Ulipata."

"Nilipata nini?"

"Hizo hapo mlangoni. Ulipata siku ileile aliyokupiga. Robo yako ilikuwa sawa. Njia nyingine hakuna."

Sikio alicheka, akatikisa kichwa kama mtu anayedanganywa na mtoto. "Baba anasema lipo. Dada, hujui wewe. Nachomelea geti nalitafuta. Nalala nalitafuta. Nimezipanga namba hizo mpaka nikadhani nina wazimu. Huyu binti yangu ana akili kunishinda mimi, yeye atalipata."

"Kwa kumponda vidole?"

"Samaki mkunje angali mbichi. Mimi si nilipigwa? Si nimekuwa mtu?"

"Umekuwa mtu gani? Mtazame mkeo."

Hilo hakulisikia, au hakutaka. Alimvutia mtoto kiti. "Haya, mama," akamwambia binti yake kwa upole kabisa, maana alimpenda, na hilo ndilo lililokuwa baya kuliko yote. "Njoo umpe Babu jibu. Usiogope."

Kilo Tatu alikaa. Alimwangalia shangazi yake, akaanza. Tatu gawa kwa nne ni robo tatu. Sauti ilikuwa inatetemeka lakini haikukosea. Moja toa robo tatu ni robo. Alipofika kwenye sita, Sikio alikuwa ameacha kutabasamu. Midomo yake ilikuwa inayafuata maneno yale kimyakimya, neno kwa neno, na kwa dakika hiyo alikuwa mvulana mwenye chakula kilichopoa.

Mzee akashusha saa sikioni. "Amevunja," akasema. Kisha, bila hasira, kama mtu anayeomba dirisha lifungwe: "Piga."

Mwili wa Sikio uliitika kabla ya kichwa chake. Alikamata mkono wa kulia wa mtoto, akaubana juu ya meza, rula ikapanda. Mtoto hakupiga kelele. Alinyoosha vidole vizuri, kama alivyofundishwa.

Mama Bucha akapiga kwa kisogo cha shoka. Alikilenga kiwiko, likampata kifundo cha mkono, na kwa kazi yake aliutambua mlio: mfupa umekatika, tena vibaya. Rula ikaanguka. Sikio aliutazama mkono wake unaoning'inia, akanguruma, akamrukia dada yake kwa ule wa kushoto. Vidole vilivyozoea koleo vilimkaba koo, akamsukuma nyuma mpaka kisogo chake kikagonga mlango, akamgongesha tena, chaki ikawamwagikia wote wawili. Shoka lilimtoka. Aling'ata, akapiga mateke, akaingiza kidole gumba kwenye jicho la mdogo wake aliyemfundisha kutembea. Giza lilikuwa limeanza kumjia pembeni wakati wifi alipotoka jikoni na mchi wa kinu, akamshushia mumewe mgongoni kwa nguvu za miaka yote ya kunyamaza. Sikio akaenda kwa magoti. Wifi akamwongeza mwingine.

"Punguzeni kelele," mzee akasema. "Sisikii kama hii saa inatembea."

Mama Bucha alikaa chini, akikohoa, koo linawaka moto. Akamtazama baba yake.

"Baba. Hizi namba. Jibu lako ni lipi?"

"Namba gani?"

"Moja, tatu, nne, sita. Ulisema jibu unalo."

Mzee akaangalia mlangoni, ambapo namba zilikuwa zimefutika nusu kwa nywele za binti yake. Alifikiri kidogo. "Jibu sina. Nilikuwa naandika zinazonijia tu. Nyingine zilifika, nyingine hazikufika, ningejuaje? Mimi fundi saa." Akairudisha saa sikioni. "Lakini mlikuwa mnakaa kimya. Nyumba ilikuwa na utulivu, ningeweza kufanya kazi."

Sikio alikuwa amepiga magoti, upande wake wa kushoto ndio umeelekea kwa mzee. Akainua uso. "Amesema nini, Dada?"

Hapo Mama Bucha angeweza kunyamaza. Angeweza kusema mzee anaropoka, umri umemla, twende hospitali ukafungwe mkono. Alijua akisema kitatokea nini. Lakini alikuwa amechoka na watu wa nyumba ile kunyamaza, yeye akiwa wa kwanza, kwa hiyo akamsogelea mdogo wake kwenye sikio lile zima, akamwambia neno kwa neno.

Sikio aliinuka polepole. Akaenda mpaka kwenye kiti. Alimpiga baba yake kofi la sikio kwa mkono wa kushoto, saa ikaruka ikagonga ukuta, kiti kikapinduka na mzee akalala ubavu sakafuni, uso wake umejaa mshangao mtupu, kama mtu aliyeumwa na kiatu chake mwenyewe. Sikio akamwinua kwa kola. Akampiga palepale. Damu ikatoka, ikashuka shingoni, ikaingia kwenye shati. Akampiga tena, na kila kofi mkono wake uliovunjika ulibembea na kumwuma mpaka akapiga mayowe yeye badala ya mzee. Wifi alikuwa amesimama na mchi wake, hauinui wala haushushi. Na nitasema ukweli, Mama Bucha aliona raha. Raha ilimjaa kifuani kama mtu aliyekunywa maji baada ya kiu ndefu, akaketi palepale akitazama.

Kisha akamwona Kilo Tatu. Mtoto hakuwa amesogea kwenye kiti. Vidole vya mkono wa kulia bado vilikuwa mezani, vimenyooshwa, vinasubiri, na midomo yake ilikuwa inacheza. Kofi likilia, midomo inacheza. Alikuwa anahesabu. Alikuwa anazitafutia pa kufika.

Mama Bucha akajitupa mgongoni kwa mdogo wake, akamzungushia mikono yote miwili. "Basi! Basi, mtoto anahesabu! Basi!"

Sikio aligeuka akaangalia. Alipoona ile midomo mkono ukamlegea, mzee akaanguka kama nguo. Kisha yeye mwenyewe akakaa sakafuni kando ya baba yake, akalia kwa sauti ya mvulana, sikio lile zima amelibana begani asisikie lolote.

Majirani, waliozoea kusikia piga bila kujali, safari hii walikuja. Waliwapakia wote wawili kwenye gari moja, baba na mwana, wakalowesha kiti kimoja kwa damu. Mzee alipelekwa akiwa hai. Kama sikio lake lilipona sijui, na sijaulizia. Wifi aliingia chumbani akatoka na begi. Hakuchukua muda wowote kulipanga. Begi hilo lilikuwa chini ya kitanda limeshafungwa siku nyingi, lilikuwa linasubiri tu mtu wa kuja na shoka.

Jua lilikuwa linazama wakati Mama Bucha alipotenga chakula kwake. Wifi alikaa upande mmoja, mdomo umeshapakwa dawa. Kilo Tatu alikaa katikati, mkono wa kushoto umefungwa bandeji, wa kulia ameuweka mezani, vidole vimenyooka. Mvuke ulipanda kwenye sahani. Mtoto hakugusa.

"Kula, mama," wifi akasema.

Mtoto akamwangalia mama yake, akamwangalia shangazi yake. "Namba bado," akasema.

Wifi akainamisha uso. Mama Bucha alitaka kusema hapa hakuna namba, hapa ni kwangu. Lakini koo lilimwuma, na alijua, kwa kuwa alikuwa mtoto wa nyumba ileile, kwamba sahani isiyo na namba hailiki. Mtu ataitazama tu mpaka ipoe.

"Haya," akasema. "Namba yako ni tatu."

"Na zipi nyingine?"

"Hakuna nyingine. Tatu tu."

"Ifike ngapi?"

"Ifike tatu."

Kilo Tatu alikunja uso. Aliitafuta namba hiyo upande huu na upande ule, akitafuta mtego uko wapi, nini cha kutoa, nini cha kupiga. Jasho lilimtoka juu ya mdomo. Wanawake wawili wakangoja.

"Shangazi," akasema mwishowe, kwa hofu ya kukosea. "Mbona imeshafika?"

"Imeshafika," Mama Bucha akamjibu. "Kula."

Mtoto akaukunja mkono wa kulia, kidole kimoja kimoja, akaupeleka kwenye sahani.